Tua Mzigo Kwanza
Somo la gari katika njia mbaya

Je, umewahi kusukuma gari lililokwama? Kama unaishi kijijini, huenda umewahi. Ulisimama katika tope mpaka magotini. Ulisukuma huku dereva akikanyaga mafuta. Matairi yalizunguka, tope likakurukia usoni, na gari likazidi kuzama. Mwishowe watu wote walichoka, na jua likachwa.

Somo hili linaeleza kwa nini mambo hayo hutokea, na jinsi ya kuyaepuka. Usiseme, "Mimi si dereva, somo hili si langu." Dereva ni mmoja. Wanaopanda ni wengi, wanaosukuma ni wengi, na gari likipinduka wanaoumia ni wengi. Kwa hiyo somo hili ni la kila mtu.

1. JINA LA TURA

Tura iko mashariki ya mji wa Tabora, katika njia ya reli ya kati. Ni sehemu ya Wilaya ya Uyui. Zamani, kabla ya reli na magari, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita hapo ikienda Tabora na Ujiji.

Kabla ya kufika Tura misafara ilivuka pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali. Maana yake ni shamba kali. Maji yalikuwa haba na vijiji vilikuwa vichache. Mtu aliyetoka pwani, akilimaliza pori hilo, alifika Tura. Hapo palikuwa mlango wa nchi ya Unyamwezi.

Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alipita Tura pamoja na mwenzake John Speke. Baadaye Burton aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Alieleza kwamba maana ya jina Tura ni "tua", yaani tua mzigo wako.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kazi yao waliijua vizuri. Mpagazi mmoja alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Huyo ndiye aliyeijua njia, na wengine walifuata nyayo zake. Msafara uliondoka mapema, kabla jua halijawa kali.

Katika desturi hizo mna mafunzo matatu:

(a) Chukua mzigo unaouweza.
(b) Mtu mmoja atangulie aione njia.
(c) Chagua saa nzuri ya kusafiri.

Leo tunasafiri kwa gari. Lakini mafunzo hayo matatu hayajazeeka. Tutayaona tena na tena katika somo hili.

2. GARI HALISHINDI NJIA KWA NGUVU TU

Mwaka 1907 ofisa mmoja Mjerumani, jina lake Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari. Alitaka kuvuka Afrika mpaka Swakopmund, mji ulio pwani ya magharibi, katika nchi ambayo leo ni Namibia. Wakati huo reli ilikuwa haijafika Tabora. Ilifika mwaka 1912. Barabara za magari hazikuwako.

Gari la Graetz lilitengenezwa kwa makusudi ya safari hiyo. Tumbo lake liliinuliwa juu ili lisigonge mawe na visiki. Hata hivyo safari haikuwa rahisi. Aliondoka mwezi wa Agosti 1907, akafika mwezi wa Mei 1909. Alitumia karibu miaka miwili. Gari lilikuwa na nguvu, lakini njia ilikuwa na nguvu zaidi.

Sasa tuulize: kwa nini gari hukwama?

Fikiri juu ya mguu wako. Ukitembea juu ya ardhi kavu, mguu unashika, nawe unakwenda mbele. Ukikanyaga tope, mguu unateleza. Tairi ni mguu wa gari. Katika ardhi kavu tairi linashika, na gari linakwenda. Katika tope au mchanga tairi linazunguka bila kushika. Likizunguka hivyo linachimba. Kila mzunguko ni kama pigo la jembe. Shimo linazidi kuwa refu, mpaka tumbo la gari linalala juu ya ardhi. Hapo hata injini kubwa haisaidii kitu.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: tairi likizunguka na gari haliendi, dereva aondoe mguu kwenye mafuta mara moja. Asichimbe kaburi la gari lake.

Magari mengine husukumwa na magurudumu mawili tu. Mengine husukumwa na magurudumu yote manne. Gari la namna hii ya pili hupita mahali pagumu zaidi. Lakini kumbuka jambo moja. Magurudumu manne humsaidia dereva kwenda. Hayamwongezei breki. Madereva wengine husahau jambo hilo, wakaenda mbio katika utelezi, wakapinduka.

3. KABLA YA KUONDOKA

Sasa barabara kuu ya kutoka Manyoni kupitia Itigi mpaka Tabora ina lami. Lakini ukiiacha lami na kuingia njia ya kijijini, utakuta mchanga, mbuga, visiki na mito. Jitayarishe kabla ya kuondoka.

Dereva atazame maji ya injini, oili, breki, taa na matairi yote, pamoja na tairi la akiba. Kisha achukue vifaa hivi:

- koleo au jembe;
- panga na shoka;
- jeki, na ubao mpana wa kuweka chini ya jeki;
- kamba nene au mnyororo;
- pampu ya kujazia upepo;
- maji ya kunywa na chakula kidogo.

Ubao wa jeki una kazi kubwa. Bila ubao, jeki huzama katika ardhi laini badala ya kuinua gari.

Halafu tazama mzigo. Vitu vizito vikae chini na katikati. Vitu vyepesi vikae juu. Mzigo ukiwa mzito juu, gari huyumba kama mlevi, na njia ikiinama upande mmoja linaweza kupinduka. Usikae juu ya magunia. Gari likipinduka, anayekaa juu ya magunia hurushwa mbali, au hulaliwa na mzigo.

4. MCHANGA

Wakati wa kiangazi mito mingi ya kwetu hukauka. Kitanda cha mto hubaki mchanga mtupu. Gari linaweza kukwama hapo kama linavyokwama katika tope.

Tazama unyayo wa ngamia. Ni mpana na laini, ndiyo maana ngamia hazami mchangani. Tazama kwato za mbuzi. Ni ndogo na ngumu, nazo huzama. Tairi lililojaa upepo sana ni kama kwato za mbuzi. Ukipunguza upepo kidogo, tairi hutanuka likawa kama unyayo wa ngamia. Ndiyo sababu madereva wazoefu hupunguza upepo kabla ya kuingia mchanga mwingi.

Lakini angalia! Asiye na pampu asipunguze upepo. Ukishavuka, jaza upepo tena kabla ya kwenda mbio. Tairi lenye upepo mdogo likienda mbio hupata moto, na linaweza kupasuka.

Mambo mengine ya mchangani ni haya:

(a) Ingia na gia ndogo, na mwendo wa kadiri usiobadilika.
(b) Usibadili gia katikati. Gari likipoteza mwendo, litazama.
(c) Usikate kona kali.
(d) Usisimame katikati ya mchanga. Simama penye ardhi ngumu, au penye mteremko.
(e) Vuka asubuhi ukiweza. Mchanga wenye ubaridi na umande hushikamana. Mchanga wa saa nane mchana ni mlegevu.

5. MBUGA NA TOPE

Mvua za Tabora huanza mwezi wa Novemba hivi, na huisha mwezi wa Aprili au Mei. Katika miezi hiyo adui wa gari ni mbuga.

Unaujua udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama jiwe, tena una nyufa. Mvua ikinyesha, hunyonya maji, huvimba, na kunata kama ulimbo. Hujaza mistari yote ya tairi, mpaka tairi likawa laini kama mtungi. Tairi la namna hiyo haliwezi kushika.

Shauri la kwanza juu ya mbuga ni kungoja. Ikiwa mvua imenyesha sasa hivi, ngoja. Jua likiwaka siku moja au mbili, uso wa njia unaweza kukauka. Anayengoja siku moja anaweza kufika kabla ya yule aliyeondoka jana, kwa sababu yule wa jana bado anachimba.

Tena kuna sababu nyingine ya kungoja. Lori zito likipita katika njia ya udongo iliyolowa, huacha mifereji miwili mirefu. Mvua ya pili ikinyesha, maji hufuata mifereji hiyo. Huichimba zaidi, na baada ya misimu michache njia hugeuka korongo. Haraka ya mtu mmoja inaweza kuharibu njia ya kijiji kizima.

Kama ni lazima kupita, fanya hivi. Simamisha gari penye ardhi ngumu. Watu wote washuke. Mizigo mizito ishushwe. Hapa ndipo penye lile neno la zamani: tua mzigo kwanza! Kisha mtu mmoja atembee kwa miguu mpaka ng'ambo, akichoma ardhi kwa fimbo. Fimbo ikizama kwa urahisi, tairi nalo litazama. Tafuteni upande mgumu. Kateni matawi na nyasi, mtandike penye tope. Hapo gari lipite tupu, kwa gia ndogo, bila kusimama. Baada ya gari kuvuka, watu wabebe mizigo wakaipakie ng'ambo.

Kazi hiyo huchukua saa moja au mbili. Kulinasua lori lililokwama na mzigo wake huweza kuchukua siku nzima.

6. KUVUKA MTO

Sasa tumefika mahali pa hatari kuliko pote. Soma sehemu hii polepole. Ukiweza, msomee na mwenzako asiyejua kusoma.

Tope hukwamisha gari. Maji huua watu.

Watu wengi hudhani kwamba gari zito haliwezi kuchukuliwa na maji. Sivyo. Gari likiingia majini, maji hulinyanyua, na uzito wake hupungua kama wa mtumbwi. Maji yanayokimbia, yenye kina cha sentimeta 30 tu, yanaweza kuliinua gari dogo na kulisukuma. Yakifika sentimeta 60 yanaweza kuyachukua hata magari makubwa kuliko hayo. Sentimeta 60 ni chini ya kiuno cha mtu mzima.

Tena maji ya mafuriko ni machafu. Huwezi kuona chini. Huenda jana palikuwa na daraja mfuto, na leo maji yamekwisha kulichimba. Dereva anafikiri anafuata barabara, kumbe anaingia shimoni.

Kwa hiyo, ukifika mtoni, fanya hivi:

(a) Simama. Zima injini. Shuka.
(b) Tazama maji. Je, yanakimbia? Je, yanachukua magogo na matawi? Kama ndiyo, usivuke. Wala mtu asiingie kwa miguu kuyapima.
(c) Simika kijiti penye ukingo wa maji. Baada ya nusu saa tazama tena. Kama maji yamepanda kupita kijiti, mto unajaa. Kama yamerudi chini, mto unapungua.
(d) Maji yakiwa yametulia na yanaonekana machache, mtu mzima anayejua kuogelea atembee kwanza na fimbo yake, kama kirangozi. Atazame kina, mashimo na mawe.
(e) Maji yakiwa chini ya nusu ya gurudumu, tena hayana nguvu, gari linaweza kuvuka. Abiria wasiwe ndani. Dereva aende polepole kwa gia ndogo, bila kubadili gia.
(f) Akishavuka, akanyage breki kidogo kidogo huku gari likienda. Breki zilizolowa hazishiki mpaka zikauke.

Ikiwa injini imezimika ndani ya maji, dereva asijaribu kuiwasha. Huenda maji yameingia ndani ya injini. Maji hayashindiliki kama hewa. Injini ikilazimishwa kuzunguka, vyuma vyake huvunjika.

Mito mingi ya nchi kavu hujaa haraka na hupungua haraka. Kungoja saa tano mtoni si aibu.

7. MILIMA NA MITEREMKO

Nchi ya Tura ni tambarare yenye misitu ya miombo. Haina milima mikubwa. Lakini dereva wa Tura atakwenda Iringa, atakwenda Mbeya, atakutana na milima. Na huenda mwanao atakuwa dereva wa huko.

Iko habari moja ya kweli inayofaa kukumbukwa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, nchi ambayo leo inaitwa Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe. Serikali yao ilikuwa ya Wazungu wachache. Nchi ya Zambia ilikuwa inapata mafuta yake kwa kupitia Rhodesia. Baada ya muda mfupi njia hiyo ilifungwa. Ikawa lazima mafuta yapitie Dar es Salaam.

Wakati huo hapakuwa na bomba la mafuta wala reli ya kwenda Zambia. Palikuwa na barabara, na sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa ya udongo. Malori yalijazwa mapipa ya mafuta, yakapanda mlima wa Kitonga kabla ya Iringa, yakaenda mpaka Zambia. Wakati wa mvua barabara iliteleza kama sabuni. Wakati wa kiangazi vumbi lilimziba dereva macho. Malori mengi yalianguka, na madereva wengi walikufa. Watu waliiita Njia ya Jehanamu.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilimalizika mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976. Barabara nayo ilitiwa lami. Lakini mwanzoni madereva wa malori ndio waliofanya kazi hiyo ngumu.

Madereva wa milimani hufuata kanuni hizi:

Kwanza, kupanda. Chagua gia ndogo kabla ya kuanza kupanda. Panda moja kwa moja, wala usipite mlima kwa ubavu, maana gari linaweza kubingirika. Gari likishindwa katikati, usigeuze. Kanyaga breki, tia gia ya kurudi nyuma, kisha rudi polepole kwa mstari ulionyoka. Utingo awe tayari na jiwe au gogo la kuzuia tairi, lakini asisimame nyuma ya gari.

Pili, kushuka. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Injini yenyewe italizuia gari. Ukitegemea breki peke yake katika mteremko mrefu, zitapata moto. Breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Utakanyaga, na gari halitasimama.

Tatu, usitoe gia mteremkoni. Madereva wengine hutoa gia ili kubana mafuta. Hiyo ni hesabu mbaya. Unaokoa kikombe cha mafuta, unapoteza gari na watu.

Nne, shika usukani vizuri. Penye mawe, dole gumba lisiwe ndani ya usukani. Tairi likigonga jiwe, usukani huweza kuzunguka ghafula na kuvunja dole.

8. KULINASUA GARI

Gari limekwama. Msikimbilie kusukuma. Kwanza kaeni, pumzikeni, mfikiri. Watu ishirini wakitoa amri, gari haliendi. Chagueni mmoja atoe amri, na wengine wamsikilize.

Shusheni mzigo. Ondoeni tope mbele ya matairi yote kwa koleo. Chimbeni kwa mshazari, ili tairi lipande kama ngazi. Inueni gurudumu kwa jeki juu ya ubao, kisha tandikeni mawe na matawi chini yake. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu. Jeki huteleza.

Mkisukuma, simameni pembeni, si nyuma ya tairi. Tairi hurusha mawe na vijiti. Watoto wakae mbali.

Mkivuta kwa kamba au mnyororo, fungeni penye chuma kikuu cha chini ya gari. Msifunge penye bampa, kwa maana linaweza kung'oka. Kisha watu wote wasogee mbali kuliko urefu wa kamba. Kamba iliyokazwa ikikatika hurudi kama mjeledi, na inaweza kuua mtu. Asiruke mtu juu ya kamba iliyokazwa, hata mara moja.

9. DEREVA ANAPOKATAA

Tuseme ni mwezi wa Machi. Lori limefika mtoni jioni. Mto umejaa. Ndani yake wamo watu kumi na tano na magunia ya mahindi. Mzee mmoja amechoka. Anamwambia dereva:

"Kijana, mbona unaogopa? Jana mwenzako alipita hapa hapa."

Dereva anajibu:

"Nisamehe, mzee wangu. Jana maji yalikuwa mengine. Leo nimesimika kijiti, na maji yamekipita. Nikiingia, naweza kuwapoteza ninyi nyote."

"Na mahindi yetu yakilowa mvua?"

"Tutayafunika kwa turubai. Mahindi yakilowa tutayaanika. Mtu akizama hatumwaniki, mzee."

Ndugu msomaji, ungekuwamo ndani ya lori hilo, ungesema nini? Mara nyingi dereva huingia majini kwa kuona aibu. Abiria wamemcheka. Tajiri wake amemwambia lazima afike leo. Dereva anayekataa kuingia mafuriko si mwoga. Ameyashika maisha ya watu kumi na tano mkononi mwake. Msimcheke. Mshukuruni.

Lakini mtu anaweza kuuliza swali gumu: je, kama ndani ya gari yumo mama mwenye uchungu wa kuzaa? Yeye hawezi kungoja mpaka kesho.

Swali hilo ni la kweli, na jibu lake halipatikani mtoni. Hupatikana kabla ya mvua. Ukifika mtoni usiku na mama mwenye uchungu, njia zote ni mbaya. Kwa hiyo kijiji kifikiri mapema. Wajawazito wanaokaa ng'ambo ya mito wajulikane majina yao. Siku zao zikikaribia, wahamie kwa ndugu walio karibu na zahanati au hospitali, au katika nyumba ya kungojea wajawazito kama ipo. Namba ya simu ya mganga na ya dereva wa ng'ambo ziandikwe ukutani, mahali ambapo kila mtu anazijua. Mto ukijaa, gari la pili liitwe lingoje upande wa pili, ili maji yakipungua kidogo mgonjwa apokewe bila kuchelewa.

Watu wa Tura wana reli pia. Lakini hata reli hushindwa na maji. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Asitegemee mtu njia moja tu.

10. KUMBUKA

- Tairi likizunguka bure, ondoa mguu kwenye mafuta.
- Tua mzigo kabla ya mahali pagumu, si baada ya kukwama.
- Mtu atangulie kwa miguu, gari lifuate.
- Maji yanayokimbia hayaonewi ushujaa.
- Shuka mlima kwa gia ile ile ya kupandia.
- Kaa mbali na kamba iliyokazwa.
- Usimshurutishe dereva aliyekataa.

Wapagazi wa zamani walilivuka pori la Mgunda Mkali kwa miguu. Hawakuwa na injini. Walikuwa na subira, kirangozi na mzigo wa kadiri. Wewe una injini. Ongeza na hayo matatu, utafika.

MANENO YA KUJIFUNZA

Daraja mfuto: njia ya saruji au mawe iliyojengwa chini mtoni, maji hupita juu yake.
Frasila: kipimo cha zamani cha uzito, kama kilo 16.
Kirangozi: mtu aliyetangulia mbele ya msafara na kuonyesha njia.
Korongo: bonde jembamba lililochimbwa na maji.
Mbuga: tambarare yenye udongo mweusi; hujaa maji wakati wa mvua.
Mshazari: kwa kuinama, si wima wala si kulala.
Ulimbo: utomvu unaonata, hutumiwa kutegea ndege.
Utingo: msaidizi wa dereva wa lori.

MASWALI

1. Kwa maelezo ya Burton, jina Tura lina maana gani?
2. Mpagazi mmoja alichukua kama kilo ngapi?
3. Kwa nini tairi linalozunguka bure hulizidisha gari kuzama?
4. Kwa nini asiye na pampu asipunguze upepo wa matairi?
5. Utajuaje kama mto unajaa au unapungua?
6. Breki hupoteza nguvu kwa sababu gani katika mteremko mrefu?
7. Taja hatari mbili za kulinasua gari kwa kamba.

MAZUNGUMZO YA DARASA

Mmoja awe mzee, mmoja awe dereva, na wengine wawe abiria. Igizeni yale mazungumzo ya mtoni. Kisha semeni: nani alikuwa na haki, na kwa nini?

KAZI YA KIKUNDI

Choreni ramani ya njia ya kutoka kijijini kwenu mpaka zahanati. Onyesheni mchanga, mbuga, mito na miteremko. Tieni alama mahali ambapo gari halipiti wakati wa mvua. Andikeni chini ya ramani: Nani ataitwa? Kwa simu gani? Tutapita njia gani nyingine? Ramani hiyo ibandikwe mahali ambapo watu wote wataiona kabla ya mvua za Novemba.